Namna ya Kufungia Dawa Isiyomumunyika Majini Ndani ya Vijichembe vya Mafuta na Protini

Mgonjwa wa malaria anayepewa dawa ya mseto katika zahanati huambiwa, pamoja na idadi ya vidonge na saa za kumeza, jambo moja ambalo wengi huliona dogo: ameze dawa akiwa amekula, na chakula hicho kiwe na mafuta, au anywe maziwa. Sababu kubwa ya agizo hilo ni lumefantrini, sehemu ya pili ya mseto huo, ambayo karibu haimumunyiki kabisa katika maji. Mtu aliyekula mlo wenye mafuta mengi huingiza mwilini lumefantrini takriban mara 16 kuliko aliyemeza kidonge kilekile tumbo likiwa tupu, wakati kwa artemetha, sehemu ya kwanza ya mseto, ongezeko ni la zaidi kidogo ya mara 2. Sasa mfikirie mtoto mwenye homa kali, anayetapika na kukataa hata uji. Huyo ndiye anayehitaji dawa kuliko wote, naye ndiye asiyeweza kula mafuta yanayoifikisha dawa kwenye damu.

Mwongozo huu unaeleza njia ya kuyaweka mafuta hayo pamoja na dawa yenyewe, ndani ya unga wa vijichembe vyenye kiini cha lipidi, yaani mafuta, na ganda la protini ya maziwa. Nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wa famasia wenye maabara ya kawaida, na mfano wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni lumefantrini, ingawa hatua zenyewe zinafaa kwa dawa nyingi zenye tabia kama hiyo. Kinachotengenezwa hapa ni sampuli ya utafiti, na hakipaswi kumezwa na mtu yeyote kabla ya kupita kwenye vibali vya mamlaka za dawa na kamati za maadili.

Kabla ya yote, tukubaliane kuhusu maneno mawili. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai na siagi imeyeyuka juani, kana kwamba ni jambo moja. Katika kazi hii ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya atakosea tangu hatua ya kwanza. Nitatumia kuyeyuka kwa kitu kigumu kinachogeuka kimiminika kwa joto, na kumumunyika kwa kitu kinachosambaa ndani ya kingine hadi kisionekane tena. Lumefantrini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 128 hadi 132 za Selsiasi, lakini inaweza kumumunyika ndani ya mafuta ya moto kwenye nyuzi 80 tu, kama vile chumvi inavyomumunyika katika maji bila kufikia kamwe joto lake la kuyeyuka.

Kwa nini mafuta, na kwa nini protini

Mwaka 1897 Arthur Noyes na Willis Whitney walionyesha kwamba kasi ya kitu kigumu kumumunyika hutegemea tofauti kati ya kiwango cha juu ambacho kimiminika kinaweza kubeba na kiwango kilichokwisha kuingia, na baadaye kanuni hiyo ikapanuliwa kuhusisha pia ukubwa wa eneo la uso linaloguswa na kimiminika. Kusaga dawa iwe laini zaidi huongeza eneo la uso, na kwa dawa nyingi hilo linatosha. Kwa lumefantrini halitoshi, kwa sababu kiwango cha juu chenyewe ni kidogo mno, na unaweza kusaga hadi mchana ugeuke usiku bila kukibadilisha kwa maana. Mafuta hufanya kazi kwa njia nyingine. Dawa huingia tumboni ikiwa tayari imemumunyika ndani ya tone la mafuta, kisha vimeng'enya vya kongosho na chumvi za nyongo hulivunja tone hilo kuwa mafungu madogo sana yanayoibeba dawa hadi kwenye ukuta wa utumbo, bila dawa kulazimika hata mara moja kusimama peke yake ndani ya maji.

Protini nayo ina kazi mbili. Wakati wa kutengeneza, hujipanga kwenye uso wa kila tone na kuzuia matone yasiungane, na wakati wa kukausha, hubaki kama ganda linalozuia unga usigeuke donge la nta. Maziwa yenyewe ni kielelezo kizuri cha jambo hili. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yamo katika matone yenye kipenyo cha wastani wa mikromita 3 hadi 4, na kiwandani maziwa yanaposukumwa kwenye tundu jembamba ili yasitengane na malai, kaseini, protini kuu ya maziwa, ndiyo inayokimbilia kufunika nyuso mpya zinazozaliwa. Sisi tutafanya jambo hilohilo kwa makusudi, tukiwa tumeweka dawa ndani ya mafuta kwanza.

Nimechagua kaseinati ya sodiamu, yaani kaseini iliyotayarishwa ili imumunyike majini, badala ya protini za maji ya jibini kwa sababu ya joto. Protini hizo huanza kupoteza umbo lake na kugandamana kwenye nyuzi 70 na kuendelea, joto ambalo mafuta yetu yanalihitaji, wakati kaseini haina umbo la kukunjika lililo imara ambalo joto lingelivunja. Kaseini pia ni rahisi kupatikana kwa wauzaji wa malighafi za vyakula. Ubaya wake ni kwamba haifai kwa mtu mwenye mzio wa maziwa, na jambo hilo lazima liandikwe kwenye kila chupa ya sampuli.

Jaribio linalopaswa kutangulia: je, mafuta yanaibeba dawa?

Hapa ndipo kazi nyingi hushinda au hushindwa, na ni hapa ambapo watu hutumia muda mfupi kupita kiasi. Mashine ya kuchanganya haiwezi kuilazimisha dawa ikae ndani ya mafuta yasiyoipenda. Ikiwa dawa haimumunyiki katika mafuta ya moto, utapata fuwele zilizopakwa mafuta. Na ikimumunyika kwenye moto kisha ikatoka mafuta yanapopoa, utapata mafuta matupu yaliyozungukwa na fuwele.

Chukua chupa ndogo za kioo, tuseme nane au kumi, na katika kila moja pima gramu 1 ya mchanganyiko wa mafuta unaotaka kuujaribu. Kwa lumefantrini ninashauri uanze na tripalmitini, mafuta magumu yanayoyeyuka kwenye nyuzi 66 hivi, ukiyachanganya na asidi oleiki kwa viwango tofauti, kuanzia sifuri hadi sehemu 4 kati ya 10. Asidi oleiki ni kimiminika kwenye joto la kawaida, nayo ina faida mbili. Ya kwanza ni ya kikemia: lumefantrini ina kundi la amini, yaani ina tabia ya besi, na besi hukaa vizuri na asidi. Ya pili ni ya mpangilio. Tripalmitini ikiwa peke yake hujipanga katika fuwele safi na zilizobanana, na fuwele safi haina nafasi ya mgeni. Asidi oleiki huvuruga mpangilio huo na kuacha mianya ambamo dawa inaweza kukaa.

Weka chupa kwenye beseni la maji ya nyuzi 80, ongeza dawa miligramu 20 kwa wakati mmoja, koroga, na usubiri angalau nusu saa kabla ya kuongeza nyingine. Lumefantrini ni unga wa njano, kwa hiyo macho yako yatakusaidia: mafuta yaliyoibeba dawa huwa na rangi ya njano inayopenyeka, kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa, na unaweza kusoma maandishi kupitia chupa, yaliyozidiwa huwa na ukungu au vumbi la njano linalotua chini. Andika kiwango cha mwisho ambacho chupa ilibaki angavu.

Usiishie hapo. Dondosha tone la kila mchanganyiko kwenye kioo cha hadubini, liache lipoe, na ulitazame chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, siku hiyohiyo, kesho yake, na baada ya siku 7. Mafuta yenyewe pia hung'aa chini ya vichujio hivyo kwa kuwa nayo yana fuwele, kwa hiyo lazima uwe na kioo cha pembeni chenye mafuta yasiyo na dawa cha kulinganisha nacho. Unachotafuta ni sindano au vipande vyenye umbo lisiloonekana kwenye kioo cha pembeni. Mafuta yaliyopozwa kwa haraka hujipanga kwanza katika umbo legevu ambalo wanakemia huliita alfa, kisha kwa siku au majuma huhamia kwenye umbo la beta lililobanana zaidi, na katika kuhama huko huisukuma dawa nje. Mchanganyiko unaoonekana mzuri jioni unaweza kuwa umejaa sindano ifikapo Ijumaa inayofuata, na ni afadhali ulijue hilo kwenye kioo kuliko baada ya kutengeneza kilo nzima.

Tuseme majaribio yako yameonyesha kwamba mchanganyiko wa tripalmitini sehemu 6 na asidi oleiki sehemu 3 unaibeba lumefantrini sehemu 1 bila kuitoa kwa siku 7. Huo ndio tutakaoutumia. Kwa hesabu ya molekuli, gramu 1 ya lumefantrini ni milimoli 1.9 hivi na gramu 3 za asidi oleiki ni milimoli 10.6, kwa hiyo kila molekuli ya dawa ina zaidi ya molekuli 5 za asidi karibu yake.

Kutengeneza

Siku moja kabla, pima gramu 4 za kaseinati ya sodiamu na kuinyunyiza kidogo kidogo juu ya gramu 86 za maji safi ya uvuguvugu yanayozunguka kwa kikorogeo cha sumaku. Ukiimwaga yote kwa pamoja itafanya madonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, kama ugali uliosongwa vibaya, na madonge hayo hayataisha hata ukikoroga saa nzima. Iache kwenye jokofu usiku kucha ili inyonye maji kikamilifu. Asubuhi pima pH yake, ambayo inapaswa kuwa karibu na 6.8. Kaseini hugandamana pH inaposhuka kuelekea 4.6, na kwa kuwa tutaongeza asidi ya mafuta, ni lazima tujue tulikoanzia.

Yeyusha tripalmitini gramu 6 na asidi oleiki gramu 3 kwenye nyuzi 80, ongeza lumefantrini gramu 1, na koroga hadi kimiminika kiwe angavu. Ongeza pia kiasi kidogo sana cha tokoferoli, yaani vitamini E, kwa sababu asidi oleiki huchacha ikikaa na hewa. Wakati huohuo pasha kimiminika cha kaseinati hadi nyuzi hizohizo 80, ukiwa umefunika bika na umelipima uzito, ili maji yatakayopotea kwa mvuke uyarudishe mwishoni.

Jambo linalosahaulika mara kwa mara ni joto la vyombo. Mhimili wa chuma wa homojenaiza, yaani mashine inayozunguka kwa kasi na kuvunja mafuta kuwa matone, uliokuwa mezani una joto la chumba, na ukiuingiza ndani ya bika, mafuta hugandia juu yake papo hapo. Nimeutazama mhimili wa namna hiyo kwa karibu baada ya kazi: ulikuwa na koti la nta ya njano lenye unene wa kucha kuanzia kwenye meno ya mashine hadi sentimita 4 juu yake, na sehemu ya dawa iliyokosekana kwenye hesabu ya mwisho ilikuwa imekaa palepale. Uzamishe mhimili kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 5 kabla ya kuanza, na bika la kupokea nalo liwe la moto.

Mimina mafuta ndani ya maji, wala si maji ndani ya mafuta, huku homojenaiza ikizunguka polepole, kisha ipandishe hadi mizunguko 8,000 kwa dakika na uiache kwa dakika 5. Kasi ndogo hutoa matone makubwa na kasi kubwa hutoa madogo. Kwa kijichembe cha mikromita 5 hadi 10 huhitaji kuilazimisha mashine hadi kikomo chake. Kichwa cha mashine kiwe kimezama vizuri na kimeegemea upande mmoja wa bika, kwa sababu kaseini hutoa povu jingi sana, na povu hukamata mafuta na kuyatoa kwenye kazi. Kinachopatikana ni kimiminika cheupe chenye unjano kidogo, kinachofanana na maziwa ya ng'ombe wa kienyeji.

Sasa weka bika kwenye maji ya barafu na uendelee kukoroga taratibu kwa sumaku hadi joto lishuke chini ya nyuzi 20. Hapa matone yanageuka kuwa vijichembe vigumu. Pima pH tena. Ikiwa imeshuka chini ya 6, irudishe polepole kwa mmumunyo hafifu wa hidroksidi ya sodiamu, lakini usipite 7, kwa sababu asidi oleiki ikikutana na alkali nyingi hugeuka sabuni, na sabuni huhamia kwenye maji ikiichukua dawa pamoja nayo.

Tazama tone moja kwenye hadubini. Ukiona vijichembe vimekusanyika kama vichala vya zabibu, ongeza maji kwenye tone lilelile na uangalie tena. Vichala vinavyotawanyika kwa kuongezewa maji vimesababishwa na kaseini iliyozidi, ambayo ikiwa nyingi kwenye maji yanayovizunguka vijichembe huvisukuma vikaribiane. Hilo si hatari kubwa. Vichala visivyotawanyika vimeshikana kweli, na hapo huna budi kurudi nyuma uangalie joto, pH au ubora wa kaseinati.

Kukausha

Mashine ya kukausha kwa mnyunyizo hufanya kazi haraka na hufaa kiwandani, lakini hewa inayotoka ndani yake mara nyingi ina nyuzi 80 au zaidi, yaani juu ya joto la kuyeyuka la mafuta yetu, na vijichembe hujipaka kwenye kuta. Kwa sampuli za maabara kukausha kwa kugandisha ni salama zaidi. Ongeza gramu 4 za trehalosi, aina ya sukari, kwenye kimiminika kilichopoa, koroga hadi imumunyike, mimina kwenye sahani pana kwa kina kisichozidi sentimita 1, gandisha usiku kucha kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri au baridi zaidi, kisha kausha chini ya ombwe. Trehalosi huwa kama mto kati ya vijichembe ili fuwele za barafu zisivikandamize na kuvipasua. Nimeichagua badala ya sukari ya maziwa kwa sababu haiungani na protini na kuifanya iwe kahawia wakati wa kuhifadhi.

Unga unaotoka una gramu 18 za vitu vikavu: dawa 1, mafuta 9, kaseinati 4 na trehalosi 4. Kwa hiyo kila gramu moja inapaswa kuwa na miligramu 55.6 za lumefantrini. Hesabu hii ifanye mapema, kwa kuwa ndiyo inayokuambia kama kazi yako ina maana kwa mgonjwa. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa miligramu 120 za lumefantrini kwa dozi moja, ambazo ni gramu 2.16 za unga huu, kiasi kinachoingia kwenye pakiti ndogo na kukorogwa katika vijiko vichache vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtu mzima huhitaji miligramu 480, yaani gramu 8.64 kwa kila dozi, mara 6 katika siku 3, na sidhani kama kuna mtu atakayemeza unga huo wote kwa hiari. Kwa maoni yangu vijichembe hivi ni vya watoto, na mtafiti anayevitangaza kwa kila mtu hajapiga hesabu.

Kupima dawa iliyofungiwa bila kujidanganya

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike mwongozo huu. Katika taarifa nyingi za utafiti utaona imeandikwa kwamba asilimia 99 ya dawa imefungiwa, na ukisoma namna walivyopima utagundua wamechuja kimiminika, wakapima dawa iliyomo kwenye maji yaliyopita, wakaitoa kwenye jumla, na kinachobaki wakakiita kilichofungiwa. Kwa dawa inayomumunyika majini njia hiyo inafaa. Kwa dawa isiyomumunyika majini haipimi chochote. Dawa iliyo nje ya vijichembe haimo ndani ya maji. Imo katika fuwele, na fuwele hubaki juu ya kichujio pamoja na vijichembe. Ukichukua lumefantrini ghafi, ukaitikisa na maji bila mafuta yoyote, kisha ukatumia njia hiyo, utapata jibu lilelile la asilimia 99.

Njia yenye uaminifu zaidi hutumia uzito. Mafuta ni mepesi kuliko maji na fuwele za dawa ni nzito kuliko maji. Chukua gramu 10 za kimiminika kilichopoa kabla ya kuongeza trehalosi, kiasi ambacho kwa hesabu kina miligramu 100 za dawa, weka kwenye mrija wenye ncha nyembamba, na uzungushe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya wastani kwa dakika 20. Vijichembe hupanda juu kama malai, maji ya kaseini hubaki katikati, na fuwele huru hushuka. Kabla ya kupima chochote, uinue mrija kwenye mwanga wa dirisha na utazame ncha yake ya chini. Ukiona nukta ya njano, hata ndogo kama punje ya ulezi, hiyo ni dawa ambayo hukuifungia.

Kisha pima sehemu zote tatu, kila moja peke yake. Tuseme umepata miligramu 83 kwenye malai, 0.1 kwenye maji na 14 kwenye nukta ya chini. Jumla ni 97.1, yaani karibu dawa yote imepatikana na vipimo vyako vinaaminika. Kilichofungiwa ni asilimia 83. Njia ya kuchuja ingekupa asilimia 99.9 kwa sampuli hiyohiyo. Ikiwa jumla ya sehemu tatu haifiki hata 95, usiandike chochote kwanza. Rudi kwenye mhimili wa mashine, kuta za bika na povu, uitafute dawa ilikobaki.

Hata njia hii ina udhaifu wake, kwa kuwa fuwele iliyoota juu ya kijichembe inaweza kuelea pamoja nacho. Ndiyo maana hadubini yenye vichujio haiepukiki. Usijaribu kuziosha fuwele hizo kwa ethanoli, maana ethanoli huiondoa pia asidi oleiki, na utakuwa unapima uharibifu ulioufanya mwenyewe.

Ili kuitoa dawa ndani ya mafuta kwa ajili ya kipimo, tumia mchanganyiko wa kloroformu na methanoli chini ya kabati la kufyonza mvuke, kausha sehemu ya chini, kisha imumunyishe katika methanoli yenye asidi kidogo. Tripalmitini itaganda ikipoa. Ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.45 na upime kilichopita kwenye HPLC, mashine inayotenganisha vitu vilivyochanganyika na kupima kiasi cha kila kimoja, kwa mwanga wa nanomita 335. Kabla ya kuziamini namba zako, ongeza kiasi unachokijua cha dawa kwenye vijichembe visivyo na dawa, vitoe kwa njia hiyohiyo, na uhakikishe unakipata chote, kwa sababu mafuta yanayoganda yanaweza kuondoka na sehemu ya dawa.

Kuhusu kipimo cha joto kinachoonyesha kuyeyuka kwa fuwele, yaani DSC, kuna mtego mmoja. Watu huona kwamba kilele cha lumefantrini karibu na nyuzi 130 kimetoweka, wakatangaza kwamba dawa haina fuwele tena. Lakini mafuta huyeyuka kwenye nyuzi 66 ndani ya kipimo chenyewe, na kutoka hapo hadi 130 fuwele zina muda wa kutosha kumumunyika ndani ya mafuta hayo ya moto. Kilele kinaweza kutoweka kwa sababu ya kipimo. Mionzi ya eksirei, inayopima unga ukiwa baridi, ndiyo shahidi wa kutegemewa hapa.

Utoaji wa dawa

Kuvitumbukiza vijichembe kwenye maji ya kawaida na kusubiri dawa itoke ni kupoteza siku. Tumia vimiminika vinavyoiga utumbo: kile cha tumbo tupu chenye pH 6.5, taurokolati ya sodiamu milimoli 3 na lesithini milimoli 0.75 kwa lita, na kile cha tumbo lililoshiba chenye pH 5.0, taurokolati milimoli 15 na lesithini milimoli 3.75, vyote kwenye nyuzi 37. Ongeza kimeng'enya cha kongosho katika baadhi ya majaribio, kwa sababu bila lipesi mafuta yako hayatavunjika, na utadhani vijichembe vimeshindwa ilhali ni wewe uliyevinyima kimeng'enya. Tarajia pia kwamba katika asidi ya tumbo ganda la kaseini litagandamana na kisha kumeng'enywa na pepsini. Hilo ni sawa, kwa kuwa kazi ya ganda ilikuwa kwenye pakiti na kwenye kijiko. Kipimo cha maana zaidi ni tofauti kati ya vimiminika viwili hivyo. Kidonge cha kawaida kitaonyesha pengo kubwa kati ya njaa na shibe, na vijichembe vinavyofanya kazi vitalipunguza pengo hilo.

Njia ya albumini peke yake

Kwa dawa zinazopenda kujishikiza kwenye albumini, protini iliyo nyingi katika damu, unaweza kuacha mafuta kabisa na kuishusha protini kutoka kwenye maji kwa kudondosha ethanoli polepole, kisha kuifunga kwa joto au kwa glutaraldehidi, kemikali inayounganisha protini. Dawa ya saratani paklitakseli iliyofungwa na albumini, inayouzwa kwa jina la Abraxane, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, ingawa chembe zake ni za nanomita 130 hivi na hutengenezwa kwa njia nyingine. Glutaraldehidi ni sumu, na kila mabaki yake lazima yapimwe. Kwa dawa ya kunywa ya mtoto nisingeichagua.

Kuhifadhi na kuangalia tena

Gawanya unga kwenye chupa zinazofungwa vizuri, zenye kinyonya unyevu na zilizokingwa na mwanga, kisha weka baadhi kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, nyingine kwenye nyuzi 40 na unyevu huohuo. Nyuzi 25 zinazotajwa na vitabu vingi vya Ulaya hazilingani na ghala la dawa la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari. Kila mwezi toa chupa moja, koroga gramu 2.16 katika maji, na upime kipenyo cha vijichembe ukilinganisha na kile cha siku ya kwanza. Nusa unga kwa ajili ya harufu ya mafuta yaliyochacha. Angalia kama umeshikana kuwa donge. Kisha weka sehemu yake kwenye mrija, izungushe dakika 20 kama mwanzo, uinue mrija dirishani, na utazame ncha yake ya chini.